Kabla Jasho Halijatoka: Damu, Maji na Mazoezi Makali

Ukikimbia kwa nguvu zako zote, au ukipanda na kushuka ngazi za jukwaa la uwanja bila kupumzika, damu yako hubadilika kabla fulana haijalowa. Ndani ya dakika tano hadi kumi za mwanzo, sehemu ya majimaji ya damu, ambayo madaktari huyaita plazma, hupenya kuta za mishipa midogo na kuingia kwenye misuli inayofanya kazi. Zoezi likiwa kali, kiasi kinachohama hufika asilimia 10 hadi 15 ya plazma yote, na kwa wanaojikamua kwelikweli huweza kukaribia 20. Karibu nusu lita imeshaondoka ndani ya mishipa, na wewe hujasikia kiu wala hujapangusa paji la uso.

Nimeanzia hapo kwa sababu ushauri mwingi tunaopeana kwenye vikundi vya jogingi, kwenye jimu na kwenye viwanja vya mtaani huanzia kwenye chupa ya maji. Kunywa kabla hujasikia kiu. Kunywa lita tatu kwa siku, liwalo na liwe. Mkojo usipokuwa mweupe kama maji ya bomba, ujue umekauka. Maji ni uhai, hilo halina mjadala. Lakini asiyejua maji ya mwili wake yanakwenda wapi wakati wa mazoezi atakunywa asiyoyahitaji, halafu atakosa anachokihitaji, ambacho mara nyingi ni chumvi, chakula na siku chache za subira.

Mwanaume wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji mwilini. Theluthi mbili zimo ndani ya seli zenyewe. Zilizobaki, lita 14 hivi, ziko nje ya seli, na kati ya hizo ni lita tatu tu zinazozunguka ndani ya mishipa zikiwa plazma. Hizo tatu, pamoja na lita mbili za chembe nyekundu, ndizo damu yake yote. Na kwa hiyo damu kidogo moyo hutakiwa kulisha misuli, kupeleka joto kwenye ngozi lipungue, na kuhakikisha ubongo haukosi hewa. Ndiyo maana nusu lita ikihama, moyo hujua mara moja na kuongeza mapigo.

Nguvu mbili huyahamisha maji hayo. Ya kwanza ni msukumo: moyo ukienda mbio presha hupanda, vimishipa vya kwenye misuli vilivyokuwa vimelala hufunguka kwa pamoja, na maji husukumwa nje kupitia kuta zake nyembamba. Ya pili ni mvuto. Msuli unapochoma wanga kwa haraka hujikuta na molekuli nyingi ndogondogo, zikiwemo za asidi laktiki, na mahali penye molekuli nyingi maji hufuata. Kadiri zoezi linavyokuwa kali ndivyo maji mengi yanavyohama. Anayetembea kwa mwendo wa kwenda sokoni hana la kuhofia. Ndani ya mishipa hubaki chembe za damu na protini, hasa ile iitwayo albumini, ambazo ni kubwa mno kupenya kirahisi. Albumini hiyohiyo ndiyo inayoyavuta maji kurudi ukishapumzika. Kwa kawaida ndani ya saa moja baada ya kusimama, kama hukutoka jasho jingi, plazma huwa imerudi karibu na ilipokuwa, bila wewe kugusa kikombe.

Wanyanyua vyuma huuona uhamaji huu kwenye kioo. Ule mkono uliotuna baada ya seti ya mwisho hadi shati likabana ni plazma iliyoingia kwenye msuli. Saa moja baadaye umenywea, na kijana anarudi jimu kulalamika kwamba mazoezi hayamkubali. Yanamkubali, ila alichokuwa akikitazama ni maji, na misuli yenyewe hujengwa kwa miezi.

Hapa pana somo la maabara ambalo wengi hawalijui. Chukua mtu mwenye damu lita tano na hemoglobini ya gramu 14 kwa desilita; jumla ana gramu 700. Amalize mbio kali, plazma yake ya lita tatu ipungue kwa asilimia 15, atabaki na damu lita 4.55, na kipimo kitasoma 15.4. Hajatengeneza chembe nyekundu hata moja. Ni sufuria ya nyama iliyokaa jikoni: mchuzi umepungua, nyama zikaonekana nyingi. Ndiyo sababu wanaochukua damu za wanariadha kwa ajili ya pasipoti ya kibiolojia, ule utaratibu wa kunasa udanganyifu wa damu, hawamchomi mtu sindano akiwa bado anahema. Humwacha kwanza, kisha humketisha ametulia walau dakika 10, nyayo zikiwa chini. Nawe fanya vivyo hivyo. Kama una miadi ya kupima damu, usiende ukitokea uwanjani. Mazoezi makali hupandisha pia vimeng'enya vya misuli, na hivyo huweza kukaa juu kwa siku kadhaa; kreatinini nayo hupanda kwa muda, na daktari asiyejua jana ulifanya nini anaweza kuanza kuzihofia figo zako bure. Pumzika siku mbili tatu kabla ya kipimo, au angalau mwambie.

Kesho yake mambo hugeuka, na kwangu hili ndilo la kufurahisha kuliko yote. Mwili ulioshtuliwa na upungufu wa jana hulipa na kuongeza. Figo hupokea amri za homoni, aldosteroni ikiwa mojawapo, ya kushikilia chumvi. Maji hufuata chumvi. Albumini huongezeka ndani ya mishipa na kuvuta maji zaidi. Zoezi moja tu kali la kupokezana, mbio za dakika nne kwa nguvu nyingi na mapumziko mafupi katikati, likirudiwa mara nane hivi, limeonekana kuongeza plazma kwa takriban asilimia 10 ndani ya saa 24. Ukiendelea hivyo kwa wiki moja au mbili, ongezeko hilo hukaa.

Maana yake ni kwamba faida ya kwanza ya mazoezi, kabla mapafu na misuli havijabadilika chochote cha kuonekana, ni damu nyingi zaidi mwilini. Moyo hujazwa vizuri kila unapolegea, kwa hiyo husukuma kiasi kikubwa kwa pigo moja na hauhitaji kwenda mbio sana. Aliyeanza kukimbia Jumatatu akiwa hoi, akashangaa Jumatatu inayofuata njia ileile imekuwa nyepesi, ajue ni plazma hiyo. Chembe nyekundu zenyewe huchukua wiki nyingi kuongezeka.

Rudi sasa kwenye yule mtu wetu wa gramu 14. Plazma ikiongezeka lita 0.3, damu yake inakuwa lita 5.3, na kipimo kitasoma 13.2. Akisoma karatasi anaweza kudhani damu imepungua, na kumbe imeongezeka. Mchuzi umezidi, nyama ni zilezile. Wauguzi wa kliniki ya wajawazito wanaijua hali hii vizuri, kwa sababu plazma ya mama mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 au zaidi na kuishusha namba ya hemoglobini hata kama mama hana tatizo. Lakini isiwe kisingizio. Kwetu huku kuna malaria, kuna minyoo, kuna hedhi nzito na sahani zisizo na nyama wala mboga za majani kwa siku nyingi mfululizo. Mwanamke asiye mjamzito akisoma chini ya 12, au mwanaume chini ya 13, asijifariji kwamba ni mazoezi. Aombe apimwe na akiba ya madini ya chuma, yaani ferritini, kabla ya kununua vidonge kwa kubahatisha.

Kama plazma ndiyo mtaji, basi kuna namna ya kuukuza na namna ya kuupoteza. Kuukuza si kazi ngumu: mazoezi mawili au matatu makali kwa wiki, siku nyepesi katikati, na chakula chenye protini na wanga muda mfupi baada ya kumaliza. Watafiti wa Japani waliowapa wazee kinywaji chenye protini na sukari mara tu baada ya mazoezi, kwa wiki nane, waliona plazma yao ikiongezeka kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi yaleyale bila kinywaji hicho. Ini hutengeneza albumini kutokana na protini, kwa hiyo mambo yanaingiliana. Huhitaji kopo la unga wa bei mbaya. Kikombe cha maziwa au mtindi na ndizi mbili, au maharage na wali, vinatosha kabisa.

Kuupoteza ni rahisi zaidi. Ukilazwa na homa siku chache tu, plazma hupungua, kwa sababu mwili uliolala hauoni haja ya kushikilia maji mengi. Ukiacha mazoezi wiki mbili, sehemu kubwa ya ulichojenga imeondoka. Aliyetoka kuugua malaria asirudi uwanjani kwa kasi aliyoiacha, hata kama miguu inamwambia anaweza. Ampe moyo wake wiki moja ya mwendo mwepesi kwanza.

Halafu kuna wale wanaovaa koti la nailoni juu ya sweta, au mfuko wa plastiki tumboni chini ya fulana, wakakimbia saa nne asubuhi jua likiwaka ili "kuyeyusha mafuta". Nimewaona wengi, na kila ninapowaona natamani kuwasimamisha. Jasho halina mafuta ndani yake. Ni maji na chumvi, yanatoka kwenye plazma na kwenye maji yanayozunguka seli, na yatarudi ukinywa vikombe vichache. Kilo moja na nusu uliyoipoteza ni lita moja na nusu ya maji, basi. Ulichokifanya ni kuziba njia ya joto kutoka huku ukiupunguzia moyo damu ya kufanyia kazi. Mabondia wanaojikausha kwa siku mbili ili wafikie uzito hupanda ulingoni wakiwa na damu nzito na moyo unaodunda kupita kiasi, na makocha wao wanajua. Anayetaka kupungua tumbo apunguze sahani na aongeze kilomita, akiwa amevaa fulana nyepesi.

Jasho lenyewe sasa. Watu hutofautiana mno. Kuna anayetoka nusu lita kwa saa na kuna anayetoka lita mbili, kwenye njia moja, siku moja. Alberto Salazar wa Marekani, kwenye maandalizi ya marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, alikadiriwa kutoka jasho la lita 3.7 kwa saa. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipimwa alipoishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 na kukutwa amepoteza asilimia 9.8 ya uzito wake. Usimwige, mwili wake ulikuwa na miaka ya mazoezi ambayo wewe na mimi hatuna. Ninachotaka uone ni kwamba hakuna namba moja ya lita inayomfaa kila mtu, na anayekuuzia namba hiyo anakisia.

Namba yako unaweza kuipata mwenyewe kwa mizani ya kawaida. Kojoa, vua nguo, jipime. Kimbia saa moja kwa kasi unayoizoea, ukikumbuka kiasi ulichokunywa njiani. Rudi, jifute jasho, vua nguo, jipime tena. Ulichopungua, jumlisha ulichokunywa, ndilo jasho lako. Mfano: ulikuwa kilo 68, umerudi 67.1, ulikunywa mililita 400. Umetoka jasho la lita 1.3. Fanya hivyo siku ya baridi na siku ya joto, maana matokeo ya Njombe hayafanani na ya Tanga. Kisha kumbuka mipaka miwili. Ukimaliza ukiwa umepungua ndani ya asilimia mbili ya uzito, ambazo kwa kilo 68 ni kama kilo 1.4, hakuna la kukutisha. Na usimalize ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Kamwe.

Mpaka huo wa pili unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu umeua watu. Zamani wakimbiaji wa marathoni walikunywa kidogo sana, wengine hawakunywa kabisa, na waliona ni ushujaa. Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1996 chama cha tiba ya michezo cha Marekani kilishauri watu wanywe kiasi kinacholingana na jasho lote, au kadiri tumbo litakavyobeba. Wauza vinywaji walifurahi. Lakini kule Afrika Kusini, kwenye mbio za Comrades, zile za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, daktari Tim Noakes alikuwa ameshaanza kuona wagonjwa wa ajabu tangu miaka ya 1980: wamechanganyikiwa, wengine wamezimia, na shida yao haikuwa ukosefu wa maji. Walikuwa wamekunywa kupita kiasi, hadi sodiamu katika damu ikashuka. Noakes ana mengine mengi anayobishiwa na wenzake, lakini kwa hili alikuwa sahihi na alisikilizwa kwa kuchelewa. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu mwishoni, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na mkimbiaji mmoja wa mbio hizo alifariki kwa sababu hiyo. Mwaka 2007 chama kilekile kikabadilisha ushauri wake.

Inakuwaje maji yakamdhuru mtu anayetoka jasho? Katika mazoezi marefu mwili hutoa homoni ya kuzuia mkojo, ili kulinda plazma. Homoni hiyo ikiwa kazini, figo haziwezi kuyatoa maji ya ziada hata ukiyamimina. Yanabaki, yanaizimua damu, kisha yanaingia kwenye seli na kuzivimbisha. Seli za mkono zikivimba, pete inabana. Za ubongo zikivimba, fuvu halina nafasi ya kuzipisha. Walio hatarini zaidi si wale wa mbele. Ni wanaokwenda polepole, wanaomaliza marathoni kwa saa tano au sita, wanaosimama kwenye kila meza ya maji na kunywa vikombe viwili kwa sababu waliambiwa wasisubiri kiu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kizamani: subiri kiu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiu ni kipimo kizuri kuliko ratiba ya kocha. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja wengi hawahitaji kubeba chochote. Watafiti waliofuatilia wakimbiaji wa ngazi ya juu wa Kenya kambini kwao Bonde la Ufa waliwakuta hawanywi kabla ya mazoezi wala wakati wa mazoezi, na kwa siku nzima vinywaji vyao vikubwa vilikuwa maji ya kawaida na chai ya maziwa, kila kimoja kama lita moja hivi. Vipimo vilionyesha wana maji ya kutosha siku hadi siku. Wazee, ambao kiu yao hupungua kadiri umri unavyosogea, na watoto wanaosahau kila kitu wakicheza, hao ndio wa kukumbushwa.

Baada ya mazoezi jambo la kwanza ni chumvi, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Ukinywa lita moja na nusu ya maji matupu kwa mkupuo, damu huzimuka kidogo, figo hudhani maji yamezidi, na baada ya nusu saa unayakojoa. Mkojo umekuwa mweupe, moyo wako umeridhika, plazma bado iko chini. Weka chumvi, na maji yatakaa. Kama una zoezi jingine jioni ileile, lenga kunywa lita moja na nusu kwa kila kilo uliyopoteza, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi. Kama zoezi lijalo ni kesho, kula na kunywa kama kawaida. Hadi alfajiri mwili utakuwa umeshajirekebisha.

Vijana wanaomaliza jogingi ya Jumamosi kwenye kibanda cha supu ya mbuzi na chapati hawajakosea hata kidogo. Wamepata maji, chumvi, wanga na protini kwenye bakuli moja. Maziwa nayo hukaa mwilini kuliko maji, na vipimo vya kulinganisha vinywaji vimelithibitisha hilo. Chai na kahawa kwa vikombe vya kawaida havikaushi mtu kama inavyosemwa. Madafu ni matamu, yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni haba, kwa hiyo yanywe pamoja na kitu cha chumvi. Glukosi ya kopo ni sukari, haina chumvi ya maana. Vile vikopo vya "kuongeza nguvu" vyenye kafeini nyingi viache kabisa mahali pa joto. Ukihitaji kitu cha kuaminika baada ya kutoka jasho la lita kadhaa, pakiti ya ORS ileile ya watoto wanaohara inafanya kazi, na ukiikosa, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi na salama. Onja. Yakizidi uchumvi wa machozi, mwaga uanze upya. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asijiandikie chumvi mwenyewe, na anayetumia dawa za kukojosha azungumze na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi makali.

Bia? Inazuia ileile homoni ya kulinda maji. Bonanza likiisha kula kwanza, kunywa maji, kisha fanya utakalo.

Anayehama mahali ana hesabu nyingine. Mkimbiaji wa Mbeya au Iringa anayekuja kushindana Dar es Salaam apate siku 10 hadi 14 za kuzoea joto. Katika wiki ya kwanza plazma huongezeka, na jasho huanza kutoka mapema zaidi likiwa na chumvi kidogo. Anayepanda milimani hukutana na kinyume chake: siku za mwanzo plazma hupungua, mapigo hupanda hata kwa mwendo mdogo, na mazoezi makali ya siku hizo hayana faida. Aliye katika funga ya Ramadhani afanye mwendo mwepesi kabla ya futari, na zoezi kali aliweke usiku, baada ya tarawehe, akiwa ameshakula na kunywa.

Dawa za maumivu zinahitaji onyo la peke yake. Kuna mtindo wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ndefu ili magoti yasiume. Wakati wa mazoezi makali figo hupata damu kidogo kuliko kawaida, na dawa hizo huziba mojawapo ya njia za figo kujilinda. Zikikutana na joto na upungufu wa maji, unaweza kuziumiza. Goti linalohitaji dawa kabla ya mbio linahitaji mapumziko.

Ukivuka mstari wa mwisho usisimame ghafla wala usikae. Damu iliyokuwa ikisukumwa na misuli ya miguu itabaki huko chini, presha itashuka na utaanguka. Tembea dakika tano hadi kumi. Akianguka mwenzako baada ya kumaliza, akiwa anajitambua na anajibu maswali vizuri, mlaze na umwinulie miguu juu. Wengi hupata nafuu baada ya dakika chache.

Asiyejibu sawasawa ni habari nyingine. Mguse. Kama mwili unawaka na mbio zilikuwa kwenye joto, chukulia kuwa ni kiharusi cha joto: mpoze hapohapo kabla ya kutafuta gari, kwa maji mengi ya baridi, kumzamisha kwenye pipa au beseni kubwa mkiweza, kummwagia ndoo na kumpepea mkishindwa. Kama hana joto la kutisha, ila anatapika, kichwa kinamuuma, vidole vimevimba, tumbo limejaa maji na maneno hayapangiki, usimpe maji na usikubali atundikiwe dripu kwa mazoea, kwa sababu dripu ya kawaida inaweza kumzidishia. Anahitaji kupimwa sodiamu haraka, na sodiamu ikiwa chini, hospitali ina maji ya chumvi kali ya kumpa kwa mshipa. Mkifika mapokezi, waambieni mambo manne bila kusubiri kuulizwa: amekimbia muda gani, amekunywa nini na kiasi gani, amekojoa au la, na kama alimeza dawa yoyote asubuhi ile.